Jina la Okita

Mwaka 1793 watawala wa Japani walitoa amri kwa wachapishaji wa picha wa mji wa Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo. Amri ilisema picha za wanawake zisiandikwe tena majina ya wanawake hao, isipokuwa pale ambapo mwanamke mwenyewe ni kahaba wa mtaa wa madanguro wenye kibali cha serikali. Mabinti wa wafanyabiashara, wahudumu wa migahawa ya chai na wasichana wa madukani wangeweza kuendelea kuchorwa, ila majina yao yasionekane. Amri hiyo ilipotoka, mmoja wa wanawake waliotajwa sana katika maduka ya picha mjini alikuwa msichana wa miaka kama 16, kazi yake kuwapelekea chai wapita njia karibu na hekalu la Sensoji, mtaa wa Asakusa. Mwenyewe aliitwa Okita na mgahawa uliitwa Naniwaya. Watu wakayaunganisha majina hayo, akawa Naniwaya Okita.

Picha za wanawake wa Kijapani waliovaa kimono tumezizoea mno. Tunaziona kwenye kalenda, kwenye makopo ya majani ya chai na kwenye kuta za hoteli, hadi zote zinafanana na mwanamke mmoja asiye na kwao. Okita alikuwa na kwao, na kazi, na watu waliomfahamu kwa sura. Ndiyo maana naona historia yake ielezwe kwa kulifuata jina lake, tangu lilipoandikwa wazi, likakatazwa, likafichwa, hadi likavuka bahari kwa watu wasioweza kulisoma.

Edo ilikuwa makao ya shogun, mkuu wa majeshi wa ukoo wa Tokugawa, ukoo ulioishika nchi tangu 1603 huku mfalme akikaa Kyoto kwa heshima bila madaraka. Katika karne ya 18 mji huo ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Samurai walikuwa juu kwa daraja, lakini fedha ilikuwa ikihamia kwa wenye maduka, wenye maghala ya mchele, mafundi na wauza sake. Watu hao hawakuruhusiwa kushika madaraka, wala kujenga na kuvaa wapendavyo. Walichoweza kununua bila kuulizwa sana ni starehe: tamthilia za kabuki, mieleka ya sumo, vitabu vya hadithi, na picha za karatasi zilizopigwa chapa kwa ubao.

Mwanzoni picha hizo zilikuwa nyeusi tupu. Hishikawa Moronobu, aliyefariki 1694, ndiye aliyezipa heshima ya kusimama peke yake kama karatasi moja, nje ya kitabu. Rangi zilipakwa kwa mkono, baadaye zikapigwa chapa mbili tatu. Kisha mwaka 1765 matajiri wachache wapenda ushairi walitaka kalenda za kupeana zawadi, wakashindana nani atatoa iliyo nzuri zaidi, na katika mashindano hayo Suzuki Harunobu na mafundi wake wakafanikiwa kupiga rangi nyingi juu ya karatasi moja bila kupishana. Kuanzia hapo Edo ikajaa picha za rangi.

Harunobu huyohuyo aliwahi kumchora msichana wa mgahawa wa chai, Osen wa Kasamori, na watu wakamiminika kwenda kumwona. Akaingia katika nyimbo na michezo ya kuigiza, halafu mnamo 1770 akaacha kazi akaolewa. Kwa hiyo Okita hakuwa wa kwanza. Njia ilikwisha kufunguliwa kizazi kimoja nyuma, na kila mchapishaji alijua kwamba sura ya msichana anayeonekana kila siku barabarani inauzika. Bei ya karatasi moja haikuwa mbali na bei ya bakuli la tambi. Fundi seremala au mpishi aliweza kuinunua akaibandika kwake, jambo ambalo asingeliota kwa picha ya brashi ya mchoraji wa majumba makubwa.

Aliyeyajua hayo kuliko wote ni Tsutaya Juzaburo. Alizaliwa mwaka 1750 ndani ya Yoshiwara, mtaa wenyewe wa madanguro, akaanza biashara kwa kuuza vitabu vya kuwaelekeza wateja nani anapatikana nyumba gani. Mwaka 1783 alihamishia duka lake Nihonbashi, katikati ya mji, na nyumba yake ikawa baraza la washairi, waandishi wa hadithi na wachoraji. Miongoni mwao alikuwapo kijana mwenye mkono wa ajabu, Kitagawa Utamaro. Mwaka 1788 Tsutaya alichapisha kitabu chake cha wadudu, na ukikitazama unaelewa ni jicho la namna gani lililokuja kumtazama Okita baadaye. Panzi, kerengende na nyoka wamechorwa mmoja mmoja na kila jani walilotulia juu yake, na mtu anaona wazi kwamba mchoraji aliinama muda mrefu akitazama.

Lakini miaka hiyo ilikuwa migumu. Mlima Asama ulilipuka 1783, njaa ikaiangamiza kaskazini, na 1787 watu wa Edo wenyewe walivunja maghala ya mchele kwa hasira. Mwaka huohuo Matsudaira Sadanobu alishika uongozi wa serikali ya shogun akaanza kurekebisha mambo. Alibana matumizi, akakataza anasa, akaamuru watu warudie adabu za zamani. Kuanzia 1790 kila picha ilipaswa kukaguliwa ikiwa bado mchoro, na ikikubaliwa ipigwe muhuri mdogo wa mviringo wenye neno moja la kuthibitisha. Muhuri huo ulichongwa pamoja na picha. Hadi leo unauona pembeni ya nyuso za wanawake wa Utamaro, kibali cha serikali kando ya shavu.

Mwaka 1791 Tsutaya alipatikana na kosa la kuchapisha hadithi za Yoshiwara za mwandishi Santo Kyoden. Kyoden alifungwa pingu mikononi siku 50, akae hivyo nyumbani kwake. Tsutaya alinyang'anywa nusu ya mali yake.

Mfanyabiashara mwingine angerudi nyuma akauza vitabu vya sala. Tsutaya aligeukia nyuso za wanawake. Kabla ya hapo wanawake katika picha hizi walichorwa wima, mwili mzima, mavazi yakichukua nafasi kubwa na uso ukiwa mdogo wa kufanana na nyuso zote. Picha za kichwa na mabega zilikuwapo, lakini zilikuwa za waigizaji wa kabuki. Mnamo 1792 na 1793 Utamaro alimsogeza mwanamke karibu hivyohivyo. Akaukata mwili kifuani au kiunoni, akaujaza uso kwenye karatasi ya sentimita kama 38 kwa 25, na nyuma yake akaacha pakiwa patupu, pamepakwa ungaunga wa ulanga unaometameta ukipita na taa. Katika mfululizo mmoja wa wakati huo alitia saini yake pamoja na cheo cha msoma nyuso, kama mtu anayeweza kumtazama mwanamke usoni akaeleza tabia yake. Sijui mchoraji mwingine wa zama zile aliyedai jambo hilo kwa wanawake wa kawaida, kwamba kila mmoja ana tabia yake na tabia hiyo inastahili karatasi nzima.

Hapa inafaa tuingie karakanani, maana uso wa Okita haukutengenezwa na Utamaro peke yake.

Utamaro alichora kwa brashi na wino kwenye karatasi nyembamba. Mchoro ulipokwisha kukaguliwa ulipelekwa kwa mchongaji, naye akaupaka gundi na kuubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mwituni, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikamana. Akausugua mgongo wa karatasi kwa kidole hadi mistari ikaonekana kana kwamba imechorwa juu ya mti. Kisha akaanza kukata kwa kisu. Alikata pande mbili za kila mstari na kuondoa mbao iliyobaki kwa patasi, hadi mistari ikabaki imeinuka. Mchoro wa asili uliishia hapo, ukakatwa vipande pamoja na ubao. Kila chapa ya Okita tuliyonayo leo imetokana na mchoro ulioharibiwa ili chapa ipatikane.

Kazi ya mavazi iliachiwa wanagenzi. Uso na nywele vilikuwa vya fundi mkuu. Mitindo ya nywele ya miaka ile ilizitandaza nywele pande mbili za uso kama mabawa, zikishikizwa kwa ndani na kijiti kilichopindwa, nywele zikawa chache kiasi kwamba unaona mwanga ukipita katikati yake. Fundi alipaswa kuchonga kila unywele kwa pekee, mstari mwembamba wa mti uliosimama wenyewe bila kuvunjika, na pale paji la uso linapokutana na nywele, unywele mmojammoja ukizidi kukonda hadi unapotea kwenye ngozi. Kisu kikiteleza mara moja tu, kichwa kizima kimeharibika. Nimezikuza picha za chapa hizi nikatazama mahali hapo peke yake, kwenye mpaka wa paji na nywele, na nakiri kwamba najali zaidi mkono wa fundi yule asiyetia saini kuliko mambo mengi yaliyoandikwa kuhusu wachoraji mashuhuri.

Ubao wa mistari myeusi ulipokamilika zilipigwa nakala kadhaa, na Utamaro akaonyesha juu yake rangi gani ikae wapi. Kila rangi ikachongewa ubao wake. Pembeni ya kila ubao paliachwa alama mbili, moja ya pembe na moja iliyonyooka, na mpiga chapa aliiegemeza karatasi kwenye alama hizo kila alipobadilisha ubao. Hiyo ndiyo siri ya rangi kutopishana. Karatasi ilitengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, nene, laini, yenye nguvu ya kusuguliwa mara nyingi ikiwa na unyevu. Rangi zilikuwa za maji: masizi kwa nyeusi, maua ya kartamu kwa waridi na wekundu, nili kwa buluu nzito, manjano kwa njano, na ua dogo la kondeni kwa samawati nyepesi. Mpiga chapa aliipaka rangi kwenye ubao kwa brashi, akalaza karatasi, akasugua mgongo wake kwa kisugulio cha duara kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Mzunguko wa kwanza ulikuwa kwa desturi nakala 200. Picha iliyopendwa iliendelea kupigwa hadi maelfu, na hesabu yote ilikuwa ya mchapishaji, aliyemiliki mbao. Mchoraji alikwisha kulipwa ujira wake. Okita mwenyewe hakuwa sehemu ya hesabu hiyo, ingawa mgahawa ulipata wateja.

Katika chapa moja ya 1793 Okita ameshika kikombe cha chai juu ya kibao chake, kichwa kimeinama kidogo, macho yakimwelekea mteja ambaye hatumwoni. Amevaa kimono cha mhudumu, na mshipi mpana umezunguka kiuno. Hakuvaa mapambo mengi. Chanuo na vichomo vya nywele vipo, vile vya gamba la ng'amba ambavyo wanawake wa Edo walivipenda, lakini havikujaa kichwani kama miale, kama ilivyokuwa kwa makahaba wa daraja la juu. Juu yake liko shairi fupi la mmoja wa washairi wa baraza la Tsutaya, na shairi linacheza na jina la mgahawa. Zipo pia karatasi nyembamba za Utamaro zilizopigwa chapa pande zote mbili: mbele Okita anakuja na chai, ukigeuza unamwona kwa mgongo, fundo la mshipi na shingo, mstari wa mwili ukilingana kabisa na ule wa upande wa pili. Mnunuzi aliweza kumgeuza mkononi kama mtu anayezunguka kumtazama. Jambo hilo linavutia kwa ufundi, na linaonyesha jinsi msichana huyo alivyotazamwa. Wengi walikwenda mgahawani kunywa chai wasiyokuwa na kiu nayo.

Chapa iliyovuma kuliko zote ni ile inayojulikana kama Warembo Watatu wa Siku Hizi. Okita yuko kulia. Kushoto yupo Ohisa, binti wa mwenye duka la biskuti za mchele la Takashimaya, eneo la Ryogoku. Katikati, juu kidogo, yupo Tomimoto Toyohina, geisha wa Yoshiwara aliyesifika kwa uimbaji. Wamepangwa kama pembetatu. Ukiwatazama kwa haraka utasema ni uso mmoja umerudiwa mara tatu. Ukikaa nao, pua moja inainuka kidogo kuliko nyingine, jicho moja limerefuka na jingine limeviringana, shavu limejaa hapa na kupungua pale. Kwetu sisi tofauti hizo ni ndogo. Kwa mtu wa Edo wa 1793, aliyezoea nyuso zisizotofautiana hata kidogo, zilitosha kumfanya aseme huyu namjua, jana amenipa chai. Na kila mmoja amevaa nembo yake: Okita nembo ya maua na majani ya mti wa kiri, Ohisa majani matatu ya mwaloni, Toyohina ua la primula. Asiyejua kusoma aliwatambua kwa nembo.

Chapa hiyo ipo katika nakala zenye kichwa cha habari na majina ya wanawake, na ipo katika nakala ambazo maandishi hayo hayamo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo alama ya amri ya 1793 juu ya karatasi.

Mantiki ya amri yenyewe inahitaji kutazamwa vizuri, kwa sababu mara ya kwanza inashangaza. Kwa nini kahaba atajwe na muuza chai asitajwe? Yoshiwara ulikuwa mtaa uliozungushiwa handaki na ukuta, wenye lango moja, nyuma tu ya Asakusa, mwendo mfupi kutoka pale Okita alipofanya kazi. Wasichana wa humo wengi waliuzwa na wazazi maskini wakiwa wadogo, wakafungwa kwa mikataba ya miaka na deni lisilopungua. Waliokufa bila ndugu wa kuwachukua walipelekwa hekalu la Jokanji, na waliozikwa hapo wanahesabiwa kuwa kama 25,000 katika historia yote ya mtaa ule. Serikali iliwajua, iliwaandikisha, ilipata faida kwa mtaa huo. Jina la kahaba kwenye picha lilikuwa tangazo la nyumba yake. Tena mara nyingi halikuwa jina lake hata kidogo. Nyumba ya Ogiya ilikuwa na jina Hanaogi, na mmoja akiondoka au akifa jina hilo lilipewa mwingine, hadi wanawake kadhaa wakapita wakiitwa Hanaogi na kuchorwa kama Hanaogi. Serikali iliruhusu jina ambalo lilikuwa mali ya danguro.

Jina la Okita lilikuwa la Okita. Alikuwa mtu wa tabaka la chini aliye huru, hana cheo wala ukoo wa kutajwa, na jina lake lilikuwa likitembea mjini kwa karatasi elfu na elfu, likitamkwa na samurai na wapagazi kwa pamoja. Utawala uliojengwa juu ya daraja za watu, kila mtu na mahali pake, ulikuwa na sababu ya kuliogopa jambo hilo. Walioitunga amri hawakueleza hivyo. Walisema ni adabu. Lakini sioni njia nyingine ya kuuelewa uamuzi wa kumtangaza aliyeuzwa na kumficha asiyeuzwa.

Sadanobu aliondoka madarakani 1793 hiyohiyo, ila amri zake zilibaki. Utamaro na wachapishaji wake hawakunyamaza. Katika mfululizo wa mnamo 1795 na 1796 aliwalinganisha warembo mashuhuri sita na washairi sita wa kale, na pembeni ya kila mmoja akaweka kijisanduku chenye vitu vilivyochorwa. Kwa Okita alichora matita mawili ya mboga za majani, mshale, bahari kuu na shamba la mpunga. Mboga ni na, matita mawili ni niwa, mshale ni ya, bahari ya mbali ni oki, shamba ni ta. Na-niwa-ya O-ki-ta. Hakuna herufi moja ya jina iliyoandikwa. Anayejua kanga ataielewa akili hiyo upesi: ujumbe umetandazwa mbele ya mtaa mzima, mlengwa anajulikana, na hakuna aliyetajwa. Watoto wa Edo walipenda mafumbo ya namna hiyo, na kwa kulifumbua mtu alilitamka jina kwa sauti, jambo ambalo pengine asingelifanya kama lingekuwa limeandikwa tu.

Serikali ilifumbua pia. Mwaka 1796 mafumbo ya picha yenye majina ya wanawake yakapigwa marufuku. Mwaka 1800 ikaja amri dhidi ya picha zenyewe za vichwa vikubwa, kwa maelezo kwamba zinavutia macho kupita kiasi. Tsutaya hakuiona hiyo. Alikufa 1797 kwa beriberi, ugonjwa uliowaandama watu wa Edo waliokula mchele mweupe uliokobolewa sana, akiwa hajafikisha miaka 50. Katikati ya hayo alikuwa amemtoa mchoraji Sharaku na nyuso zake za waigizaji, miezi michache tu ya 1794 na 1795, lakini hiyo ni historia nyingine.

Utamaro aligeukia akina mama na watoto, wapishi, washona nguo, wanawake wanaopiga mbizi kutafuta abaloni. Baadhi ya kazi hizo ni bora kuliko picha za warembo, na naona ajabu kwamba hazitajwi sana. Kilichomwangusha hatimaye kilikuwa picha ya mwanamume. Mwaka 1804 alichora Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekufa 1598, akitazama maua ya mcheri pamoja na wake zake watano. Sheria ilikataza kuwataja na kuwaonyesha mashujaa wa vita wa zama hizo, kwa kuwa ukoo wa Tokugawa ulichukua nchi kutoka kwa warithi wa Hideyoshi. Utamaro aliwekwa jela siku chache, kisha akafungwa pingu siku 50, adhabu ileile aliyoipata Kyoden. Miaka miwili baadaye, 1806, alikufa.

Mjane wake aliolewa na mmoja wa wanafunzi, na mwanafunzi huyo akaendelea kutia saini Utamaro. Duka la picha halikuona ubaya. Kama Hanaogi wa Ogiya, Utamaro naye akawa jina la kurithiwa, na kwa miaka mingi baadaye wanunuzi wa mbali walishindwa kutenganisha mkono wa mwalimu na wa mrithi.

Mwaka 1842, katika wimbi jingine la marekebisho, picha za makahaba, geisha na waigizaji zilikatazwa zote. Kufikia hapo wateja wa Edo walikwisha kupenda mandhari za wachoraji Hokusai na Hiroshige, na buluu mpya ya kutoka Ulaya ilikuwa imeingia kwenye mbao za wachapaji. Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani zikatia nanga kwenye ghuba ya Edo. Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ulianguka, na picha za zamani zikawa vitu vya kuuzwa kwa fungu.

Zilikwenda Ufaransa kwa wingi. Hayashi Tadamasa, aliyefika Paris 1878 kama mkalimani wa maonyesho ya dunia, alibaki huko akawa mfanyabiashara wa sanaa za kwao. Wachoraji wakanunua. Claude Monet alizijaza kuta za nyumba yake ya Giverny. Mwaka 1890 yalifanyika maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani katika shule ya sanaa ya Paris, na Mary Cassatt, Mmarekani aliyekuwa akiishi huko, alitoka mle akaanza kazi ya chapa zake kumi za rangi: mwanamke anaosha uso, anabandika bahasha ya barua, anamwogesha mtoto. Ukiziweka kando ya Utamaro huhitaji kuelezwa.

Mwaka uliofuata, 1891, mwandishi Edmond de Goncourt alitoa kitabu kizima kuhusu Utamaro, Hayashi akimsaidia kwa tafsiri na maelezo. Ni kitabu cha mapenzi ya kweli, na kiliufanya ulimwengu wa Magharibi umjue Utamaro. Lakini jina la kitabu lilimwita mchoraji wa nyumba za kijani, maana yake madanguro. Ni kweli kwamba Utamaro alichora makahaba wengi, tena kwa huruma. Ila kwa jina hilo la kitabu, kila mwanamke wa Utamaro machoni pa wanunuzi wa Ulaya akawa mwanamke wa danguro. Okita akaingizwa mle. Ohisa wa duka la biskuti akaingizwa mle. Serikali ya shogun iliwanyima majina kwa sababu hawakuwa makahaba, na Paris ikawahesabu makahaba kwa sababu haikuweza kuyasoma majina. Kwangu hilo ni kosa zito zaidi kuliko marufuku yenyewe, kwa sababu limedumu. Hadi leo ukiingia dukani ukakuta picha ya mwanamke wa Kijapani mwenye kimono iliyopigwa chapa ya ubao, utaambiwa ni geisha au kahaba, bila aliyekuambia kutazama pembeni mwa picha.

Waliotazama pembeni walikuwa watafiti wa Japani na baadaye wa makumbusho ya nje. Waliyalinganisha mashairi, nembo za mavazi na vijisanduku vya mafumbo, wakamrudishia kila mwanamke mahali pake, na maelezo ya chapa yakabadilika polepole, kutoka "mwanamke mwenye kikombe" na kuwa Naniwaya Okita, mhudumu, Asakusa.

Lipo na suala la rangi. Samawati ile ya ua la kondeni ni dhaifu sana. Maji yakiigusa inatoka, na ikipigwa na mwanga miaka mingi inageuka rangi ya nyasi kavu. Waridi ya kartamu nayo hupauka. Zambarau iliyotokana na kuchanganya hizo mbili hubaki hudhurungi. Chapa nyingi zilizotundikwa ukutani karne nzima zimekuwa na ule utulivu wa rangi za majani makavu ambao watu wa Magharibi waliudhania kuwa ndiyo ladha ya Kijapani yenyewe.

Mwaka 1921 ndugu wawili wa Boston, William na John Spaulding, waliipa makumbusho ya sanaa ya mji wao chapa kama 6,500 kwa sharti moja, kwamba zisitundikwe kamwe mbele ya watu. Walilalamikiwa. Lakini sharti hilo liliziweka chapa gizani, na wataalamu walipokuja kuzichunguza rangi zake walizikuta za kartamu, za nili na za ua lile la kondeni zikiwa bado zimekolea, zambarau ikiwa zambarau. Baadaye picha zake zikawekwa kwenye intaneti, yeyote azitazame bila mwanga kuzigusa. Wanawake wa Utamaro waliomo katika mkusanyiko huo wamevaa kimono za rangi kali, waridi kwenye midomo, kijani mbichi, samawati iliyo wazi kama asubuhi ya Asakusa, na hivyo ndivyo mpita njia wa 1793 alivyowaona kwenye duka la Tsutaya, karatasi ikiwa bado na unyevu wa chapa.